Milio Kwenye Ukungu

Emérithe alikuwa anakung'uta zulia nje ya nyumba ya mapumziko aliposikia kitu kwenye ukungu: ka, ka, ka. Milio mikavu, mingi, ikisogea pamoja. Akaliachia zulia. Kwao Masisi, mbali na nchi hii ya baridi, miaka kumi na minane iliyopita, alisikia bunduki zikikokiwa vivyo hivyo, asubuhi ile kijiji kilipochomwa.

Akamvuta Wilkister, mwenzake wa usafi kutoka Kenya. "Lala chini! Bamekuya."

"Nani wamekuja, dada? Hiki ni kisiwa. Hakuna mtu hapa hadi boti irudi saa tisa."

Emérithe akamziba mdomo. Wakalala kwenye nyasi zilizolowa, milio ikikaribia, na sasa pumzi nzito zilisikika pia. Alijaribu kusali, lakini hata jina la Yesu lilimponyoka.

Kisha pembe zikajitokeza. Kulungu wa kaskazini, wale wa nchi za theluji, thelathini au zaidi, na kila walipokanyaga, kano za miguu yao zililia ka, ka.

Wilkister akashusha pumzi, akacheka, akasimama. Ndipo dume moja lilipogeuka, shingo imelivimba, likainamisha kichwa na kuja mbio.

"Ndani!"

Emérithe alimsukuma mwenzake, akajitupa nyuma yake, akabamiza mlango. Pembe ziligonga mbao. Mlango ukatikisika mabegani mwao, mara ya kwanza, mara ya pili. Wilkister alikuwa analia bila sauti.

Hawakufungua hadi mzee wa boti alipobisha. Alipowaona walivyo, akawaeleza kwa Kiswidi cha taratibu: tajiri mmoja aliwaleta kulungu wanane kutoka mbali kaskazini ili wageni wawatazame. Kulungu wakavunja uzio, wakazaana, wakawa wa mwituni.

"Si kwao hapa," alisema, "lakini sasa utawatoaje? Na mwezi huu wa Septemba madume yanakuwa na wazimu. Mlipaswa kuambiwa."

Ndani ya boti Wilkister aliuliza polepole, "Dada, ulidhani ni nani?"

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita, na Emérithe hakuwahi kusema. Sasa akaanza na jina la mdogo wake, Israël, na asubuhi ile ya Masisi.

Wilkister anakaa mtaa wa Rågsved, upande mwingine kabisa wa jiji. Jioni ile alipanda treni ya kwenda Husby, nyumbani kwa Emérithe, amemshika mkono, maana habari za Israël zilikuwa bado hazijaisha.