Kabiri wa Gredi ya Tano

Darasa la Mwalimu Daud lilikuwa kimya, na kimya hicho kilikuwa kinanitia wazimu. Tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu: Gredi ya Tano yake upande ule, Gredi ya Tano yangu upande huu, na watoto wamejaa kote kote. Wangu wanabishana, wanaburuta madawati, kila mmoja anasoma mstari wake kwa sauti yake. Wake hata kikohozi husikii. Mwalimu mkuu akipita barazani ananikazia macho mimi. "Madam Hinda, si uende ukajifunze kwa Daud?"

Nijifunze nini? Daud alikuwa ametoka semina na mambo yake: kadi za rangi, madawati ya vikundi, mwalimu akiinua mkono kila mtu anyamaze. Mazuri hayo, sikatai, na mengine niliyaiba mchana kweupe. Lakini si kadi zilizowanyamazisha wale watoto. Ni Nasteha.

Nasteha alikuwa na miaka kumi na minne, amekaa katikati ya vitoto vya miaka kumi na moja. Ukame ulimaliza mifugo ya baba yake kule Hadado, akaletwa kwa shangazi yake hapa Iftin, mjini Garissa. Kule duksi, chuo cha Kurani, alikuwa amehifadhi nusu ya msahafu. Basi Daud akamfanya kabiri, kama tunavyofanya duksi: yule mwanafunzi mkubwa anayezunguka kuwasikiliza wenzake wakati maalim ana shughuli. Nasteha akawa anazunguka na kitabu mkononi, wadogo wote wakimwogopa, mtoto akikosea neno anamsahihisha bila hata kutazama ukurasa. Bila hata kutazama, jamani! Hapo ndipo Daud alipaswa kushtuka. Yeye akajivuna.

"Huyu ni mwalimu mdogo," akaniambia.

"Mwambie asome kuanzia mstari wa chini kwenda juu," nikamwambia. "Wangu nawafanyia hivyo. Aliyekariri hukwama papo hapo."

"Hinda, wewe una wivu tu."

Wivu nilikuwa nao, kwa nini niseme uongo? Lakini hata mimi nimelelewa duksi. Najua sikio letu lilivyo: likisomewa kitu mara mbili, limekishika. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukusomea kitabu kizima naye hazijui herufi zake. Na kabiri hasomeshwi na mtu. Kazi yake ni kusikiliza wengine.

Tena lililomkabili Nasteha halikuwa la mchezo. Baba yake, Mzee Kerrow, alimwacha Garissa kwa sharti moja. Muhula ukiisha atakuja mwenyewe. Kama binti anasoma, atabaki. Kama hasomi, anarudi naye Hadado, ambako kuna mtu mwenye ngamia aliyekwisha kuulizia posa. Shangazi yake alinieleza hayo machozi yakimlengalenga. Nami nikamfikishia Daud, neno kwa neno.

"Anasoma kuliko wote," akanijibu. "Nimempigia simu baba yake, nimemwambia."

Mzee Kerrow alikuja siku ya kufunga shule, kanzu imejaa vumbi la safari, mfuko wa plastiki mkononi. Daud aliniita nije nishuhudie. Alitaka nione, mjinga yule. Darasa likasimama, likasalimia, likakaa, likanyamaza. Mzee akalitazama kwa furaha. Kisha akatoa kwenye mfuko chupa ya dawa ya minyoo aliyonunua mjini kwa ajili ya mbuzi wachache waliombakia.

"Nisomee hii, Aabo," akamwambia binti yake kwa Kisomali, akimwita "baba" kama tunavyowaita watoto wetu. "Mbuzi mmoja anywe kiasi gani?"

Nasteha akaishika chupa kwa mikono miwili. Akanyoosha mgongo, akasoma kwa Kiingereza, sauti tamu, bila kusita hata mara moja. Mzee, asiyejua Kiingereza, akafumba macho kwa raha. Mimi nikayatambua maneno. Nasteha alikuwa anasoma hadithi ya fisi na sungura kisimani, ile ya kitabu chetu, tangu mwanzo mpaka fisi anapotumbukia.

Nikamtazama Daud. Daud akatazama viatu vyake.

"Na kiasi?" baba akauliza.

"Kikombe kimoja cha kahawa," akasema Nasteha. Sauti ilikuwa ndogo sasa.

Astaghfirullah. Nilijua nikifungua mdomo nimempeleka mtoto kwa mwenye ngamia. Nikiufunga, mzee anakwenda kuwaua mbuzi wake kwa mkono wake mwenyewe. Nikamsubiri Daud aseme yeye. Ni darasa lake, ni kabiri wake! Alikuwa bado na viatu vyake. Mzee akaanza kuirudisha chupa mfukoni, nami nikanyoosha mkono nikaichukua.

"Mililita tano," nikasema. "Mbuzi mdogo, mbili. Kikombe kitawaua, Mzee. Nasteha hajui kusoma. Hakufundishwa, alisimamishwa hapa atunyamazishie watoto. Niachie mimi muhula mmoja. Nitamweka dawati la mbele, nimfundishe herufi moja moja, hata wakati wa mapumziko."

Nasteha hakulia. Aliinamisha kichwa tu, na watoto wote waliokuwa wakimwogopa wakawa wanamwangalia.

"Mwalimu huyu aliniambia anasoma kuliko wote," Mzee akasema taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Wewe unaniambia hajui hata herufi. Nyinyi ni shule moja. Nimwamini nani muhula ujao?"

Nikaigeuza chupa mkononi.

"Kichwa chake ni kizuri," akaendelea. "Hicho nimempa mimi, si nyinyi. Msomee dawa yote, maalim. Akisikia amesikia. Huko nyumbani nitamhitaji."

Nikasoma yale maandishi ya Kiswahili yaliyo chini ya Kiingereza, nikitafsiri kwa Kisomali. Nilipomaliza, Nasteha akayarudia yote, kipimo, umri, siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa, bila kukosea popote. Baba akaitikia kwa kichwa, akaichukua chupa. Wakatoka.

Daud akageuka kwangu. "Sasa darasa atanishikia nani?"

"Lishike mwenyewe!" nikamfokea mbele ya watoto, nikawafuata wale wawili.

Niliwakuta getini. Mzee alikuwa anamuaga askari. Nasteha aliponiona akaniletea chupa mbio.

"Maalim, hapo walipoandika mbuzi ni wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka kidole chake pale pale, akakisogeza taratibu kutoka herufi hadi herufi, midomo ikicheza. Kisha akaligundua lile neno tena mstari wa chini, peke yake, akanitazama, akatabasamu. Baba yake akamwita.

Ndilo neno la kwanza alilosoma katika shule yetu.