Mkia wa Mkwe

Mfalme aliporudi kitini, wa kwanza kupata hasara walikuwa farasi.

Ilikuwa Julai 1917. Beijing ililala jamhuri, ikaamka ufalme. Jenerali mmoja ambaye hakuwahi kukata mkia wake wa nywele, alama ya utii kwa mfalme, aliingia mjini na askari wenye mikia kama yeye, akamtoa mfalme mtoto kwenye masomo yake na kumkalisha tena juu ya kiti alichonyang'anywa zamani. Polisi wakapita mitaani: tundikeni bendera ya joka! Na kwa kuwa jamhuri ilipokuja wanaume wengi walikata mikia yao, sasa kila aliyeipenda shingo yake alitafuta mkia wa bandia. Nywele za binadamu zikaisha sokoni asubuhi. Mchana wakahamia kwa farasi.

Mwalimu Tao Jinghe hakuwaogopa polisi. Alimwogopa Mzee Guan. Alimpenda Xiuzhen, binti wa mzee huyo, naye Xiuzhen alimpenda, lakini kila posa ilirudi na jibu lile lile: "Binti yangu haolewi na kichwa kama tikiti maji." Mzee Guan alikuwa mtumishi wa kasri tangu ujana, na mkia wake wa mvi ulimfika kiunoni.

"Nenda leo leo," alisema Mama Hao, mshenga. "Mzee ameona bendera ya joka, amelia, moyo umelainika. Kesho anakuja Bwana Pang, muuza siki. Yule ana mkia wake halisi tangu utotoni, na sidhani kama umeoshwa tangu hapo."

Akamvisha Tao kofia yenye mkia mweusi uliong'aa, alioununua kwa muuza mavazi ya maigizo.

"Nimeushona humo humo ndani. Usivue kofia. Joto likizidi, vumilia. Nyumba ikiungua, toka nayo."

"Mama Hao, mimi si mtoto."

"Mtoto ningemwamini."

Tao alimkuta Mzee Guan uani, kando ya farasi wake mweupe aliyeitwa Wingu. Mzee alikuwa na huzuni isiyolingana na kurudi kwa mfalme. Penye mkia wa Wingu palibaki kigutu, na nzi wa Beijing nzima walikuwa wamealikwa.

"Umeuona unyama huu?" alilalama. "Wamemkata juzi! Fataki za mwaka mpya zilimbabua ncha tu, hawa wamechukua mkia mzima! Wezi wa jamhuri hao, hawana haya!"

"Hawana kabisa, Mzee," alisema Tao. Jasho jeusi likaanza kumtiririka shingoni. Ulikuwa wino.

"Lakini wewe umerudi kwenye ustaarabu. Mkia mzuri, mwanangu. Ingia."

Xiuzhen akaleta chai. Akaiona kola ya Tao, akauma mdomo na kuchungulia ndani ya birika kama aliyepoteza kitu humo. Mzee akasimama mbele ya bendera ya joka iliyotundikwa ukutani, akakohoa kwa heshima, tayari kutamka neno la kukubali posa.

Hapo ndipo jamhuri ilipomsaliti Tao. Kila asubuhi shuleni aliwaongoza wanafunzi mbele ya bendera: visigino pamoja, kofia chini, inama mara tatu. Akili yake ilikumbuka maonyo ya Mama Hao. Mwili wake uliona bendera. Visigino vikagongana, kofia ikatoka, akainama. Alipoinama mara ya tatu, mkia uliokuwa ukining'inia kwenye kofia mkononi mwake ulizama ndani ya bakuli la chai.

Ulipotoka ulikuwa mweupe, na ncha zake zilikuwa za manjano, pale palipobabuliwa na fataki za mwaka mpya.

"Wingu?" alinong'ona Mzee Guan.

Akaushika mkia, akazipapasa ncha zake.

"Kijana. Umeingia nyumbani kwangu umevaa makalio ya farasi wangu?"

"Mzee, ulinunuliwa! Sikujua ni wa nani!"

"Baba," alisema Xiuzhen, "si ulitaka mkwe mwenye mkia? Huo hapo. Tena wa nyumbani kwetu."

Huko nje Wingu alipiga teke ukuta kwa sababu ya nzi. Mzee alisikiliza, mashavu yakimtetemeka, na Tao hakujua kama ni hasira au kicheko.

"Unajua kushona?"

"Nilisoma bweni, Mzee. Vifungo tulijishonea wenyewe."

"Basi mrudishie chake. Akifukuza nzi, umeoa. Akishindwa, kesho nampokea Pang."

Tao akaushona mkia kwenye mkanda wa ngozi, akaufunga juu ya kigutu, akarudi nyuma. Wingu alitafakari. Kisha akautupa mkia kwa nguvu zote, nzi wakatawanyika, na nywele zilizobaki na wino zikamchapa Tao usoni.

"Amekukubali," alisema Mzee Guan, akaenda kukaa chini, maana kicheko kilikuwa kimemshinda.

Kabla mwezi haujaisha mfalme alikuwa ameshuka tena. Mikia ya bandia ikatupwa barabarani, na bendera za joka zikawashia majiko. Siku ya harusi Wingu alitangulia mbele ya machela ya bibi harusi, akipunga kwa maringo. Katika mtaa ule mikia ilibaki miwili tu: wa Mzee Guan kwa imani, na wa Wingu kwa uzi.