Pembe za Ayala wa Bi Muhsina

"Mie hata unywele wake sikuugusa, Bi Muhsina," alisema Masouda.

"Kugusa hukugusa. Ulisifu. Jana ulisimama papo hapo ukasema pembe zake tawi juu ya tawi, na Mashallah hukusema."

Bi Muhsina alikuwa kaishika pembe juu, mtaa mzima wa Darsait, hapa Maskati, uione. Nyuma yake kasimama ayala, mnyama wa madoa ambaye mwanawe, baharia, alimletea kutoka Bombay: pembe moja kichwani, shingo imelala upande kama mtu aliyeng'olewa jino. Mtaa ule walijua mbuzi, ng'ombe na paa. Hao pembe huota mara moja, wakafa nazo. Pembe ya kuanguka vivi hivi haikuwa na sababu nyengine ila jicho.

Masouda alijua neno lile linaelekea wapi. Alikuwa na mwaka mmoja tu tangu kukimbia Unguja, na baraza ya Bi Muhsina ndipo pekee alipokuwa akicheka kwa Kiswahili. Mwanamke akishaitwa mwenye jicho, watoto hufunikwa akipita. Na jirani yao Kheiria alikuwa keshamfunika wake.

"Nnataka maji ulotawadhia, nimmwagie, jicho limtoke," alisema Bi Muhsina.

"Nikikupa si nimekiri?"

"Na ukininyima?"

Masouda akamtazama mnyama. Pembe ilipotoka pana damu mbichi, na nzi washajua. Akaingia ndani, akatawadha, akatoka na bakuli. "Mmwagie. Namwonea huruma yeye, si wewe."

Kesho yake ikaanguka na ya pili. Hapo tena Bi Muhsina akasimamisha makuti ya mtende juu ya ukuta uliotenganisha nyua zao, jicho la Masouda lisipenye.

Mwaka mzima Masouda akabaki na masikio. Joto lilipokaza alimsikia Kheiria akisimulia kuwa mnyama kaota vinundu viwili, laini kama mahameli, ukivishika vya moto kama paji la mtoto mwenye homa. Tende zilipoiva, vikawa matawi. Baridi ilipoingia akasikia kwaru, kwaru kwenye shina la mtende, na Bi Muhsina akilia kuwa ngozi ya pembe yatoka vipande vipande. Masouda alishaweka mguu kwenye ngazi, achungulie. Akaurudisha, wangesema ni yeye tena. Baadaye akasikia kuwa chini ya ngozi pembe zimetoka ngumu, ndefu kuliko za kwanza.

Joto liliporudi, asubuhi moja makuti yakaanza kung'olewa. Ukatokea uso wa Bi Muhsina, na pembe mbili mkononi.

"Zimeanguka tena," alisema. "Na wewe hujaziona toka mwaka jana."

"Nimezisikia tu."

"Basi ndiyo maumbile yake. Huvua, akavaa mpya." Akazilaza pembe juu ya ukuta. "Nilikuchafulia jina, Masouda. Nishamwambia Kheiria, na Kheiria akishaambiwa, hakuna tena wa kuambiwa."

Masouda alikuwa na maneno ya mwaka mzima kifuani. Yalimtoka machozi, na kicheko nyuma yake.

"Usinililie ukutani, watu watasema nakupiga. Nna nguru wa pwani ya Yiti jikoni. Zunguka mlangoni, uje tule."