Abiria wa Saa Kumi na Moja

Boti ilikuwa imekaa juu ya madramu manne katika uwanja wa Wasike, Lodwar, mwendo wa saa nzima na ushee kwa gari kutoka ziwani, na mbuzi wa jirani walikuwa wamekwisha kuizoea. Walilala kivulini mwake tangu saa nne mpaka jua lilipopinda. Wasike alikuwa akipiga msasa upande wa kulia, amejifunga kitambaa puani kwa sababu vumbi la faiba huwasha kuliko pilipili, na kila baada ya muda alisimama kunywa maji ya dumu yaliyopata moto kama chai. Alizaliwa Port Victoria, mahali ambapo mtoto huamshwa na nyundo za waunda mashua, lakini miaka kumi na mmoja ya Lodwar ilikuwa imemgeuza fundi wa matangi ya maji na bampa za magari. Boti ilikuwa kazi ya nadra. Hii yenyewe aliwahi kuishika mara moja kabla, na afadhali asingeishika.

Ilipofika saa kumi na moja aliweka msasa chini, akashika ngazi isiteleze, na abiria wakapanda.

Walikuwa kumi na mmoja, kama siku zote. Walitokea upande wa laga, ule mto mkavu wa mchanga, wakapita kati ya mbuzi bila mbuzi hata mmoja kuinua kichwa. Nguo zao zilikuwa zimelowa chapachapa. Maji yaliwachuruzika miguuni, mchanga ukayanywa, na alama haikubaki. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja mahali pake kwenye mabenchi, kulia na kushoto, akakaa akitazama mbele. Wa mwisho kupanda alikuwa Abei, mke wa Wasike, kwa kuwa hata siku ile alipanda wa mwisho, na kapu lake la samaki wakavu mkononi.

"Ejok, Mama Nekesa," Wasike akamwamkia.

"Ejok nooi. Nekesa amefunga shule?"

"Bado wiki mbili."

"Akifunga asipitie Kainuk jioni. Barabara hiyo si nzuri."

"Nitamwambia."

Wakakaa hivyo mpaka jua likazama nyuma ya milima, kisha abiria wakashuka wakaenda zao, na Wasike akapanguza benchi la kushoto kwa kitambaa.

Boti ile ililetwa miaka ya nyuma na mzungu mmoja na mkewe, ikiwa na tanga, vitanda viwili, jiko la gesi na choo cha kukunjwa. Walizunguka nayo ziwani msimu mmoja, upepo ukawachosha, wakaiacha ufukweni. Akaichukua Levis Omollo, dalali wa kila kitu, kuanzia mbuzi hadi jenereta, akataka kuifanya ya abiria. Alimwambia Wasike ang'oe vitanda na kuweka mabenchi. Halafu akamwonyesha povu gumu jeupe lililoshindiliwa ndani ya kuta za boti, kama lile linalofungiwa televisheni mpya, akasema nalo litoke, pale pataingia magunia ya samaki.

Wasike alijua kazi ya povu lile kama alivyojua jina lake. Ndilo linaloifanya boti iliyojaa maji ikatae kuzama. Alilisema hilo mara moja.

"Fundi, hii ni boti, si godoro," Levis akajibu.

Mara ya pili hakusema. Akalitoa lote. Na mkewe alipokwenda ziwani kununua samaki, alimwambia akae benchi la kushoto karibu na usukani, kwa maana mbao zake alizipiga randa mwenyewe na hazingemchoma. Boti ilizama siku ya upepo wa kawaida, upepo ambao watu huanika nguo. Ilikwenda chini kama sufuria.

Lile povu hakulitupa. Aliezekea banda la kuku, kwa sababu jeupe hurudisha jua. Tangu siku ya ajali, kila saa kumi na moja banda liliinuka kiasi cha shibiri moja kutoka ardhini na kuku wakatoka kwa chini wakajiendea. Wasike alilifunga kwa kamba na jiwe la kusagia la marehemu mkewe. Likawa linainuka na jiwe, lakini si juu sana.

Sasa Levis alikuwa ameiopoa boti na kuileta Lodwar, maana kule ziwani hata mvuvi mlevi hakutaka kuiegemea. Alitaka ipambwe iuzwe. Alileta paneli ya sola, betri, taa za kijani na nyekundu, redio ya kuitia msaada, pampu ya kutoa maji, mlingoti mpya, rangi ya samawati, na soketi za kuchajia simu. Kila alipoleta kitu alikipiga picha na kukiweka Facebook. Picha kubwa alikuja kuipiga saa kumi na moja na nusu, jua likiwa zuri.

"Samahani kidogo," akawaambia abiria, "mnaficha mbao."

Walisogea. Levis akapiga picha tatu, akawashukuru, kisha akaandika chini yake kwamba boti imetumika kidogo na haijapata ajali.

Wasike aliona na hakuandika chochote. Alikuwa na shida yake. Kila skrubu aliyokaza ilimsogeza karibu na siku ya kuuzwa, na boti ikiuzwa Abei angekwenda nayo, kwa kuwa safari yake ilikuwa ya boti ile, si ya uwanja wa mumewe. Kwa hiyo alianza kuvuta miguu. Alipiga msasa mahali alipokwisha kupiga. Alipaka rangi, akadai haikushika, akaikwangua. Levis akipiga simu anaambiwa gundi haijakauka, katika joto la Lodwar, ambako hata mate hukauka kabla hayajafika chini.

"Wewe ulikuwa na mikono ya haraka," Abei akamwambia siku moja. "Siku hizi ni nini?"

"Uzee."

Abei akacheka kidogo, maji yakamtoka mdomoni, akajifuta kwa upande wa shuka. Wasike alimtamani pale pale, akiwa hivyo hivyo amelowa, akainamia kopo la rangi asionekane uso.

Siku iliyofuata abiria walipanda kama kawaida, lakini hawakukaa kama kawaida. Wote kumi na mmoja walijibana benchi la kushoto, bega kwa bega, mwingine amempakata mwenziwe. Benchi la kulia lilikuwa tupu.

"Mbona mmejibana hivyo?" Wasike akauliza.

"Kuna watu wengine wanakuja," Abei akasema. "Wapate pahali."

"Wangapi?"

Abei akalitazama lile benchi tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mama anayekadiria unga wa kutosha wageni.

"Litajaa," akasema.

Usiku Wasike hakula. Alfajiri alilifungua banda la kuku, akashusha povu lote na kulifunga kwa wavu. Akampigia Levis kumwomba ruhusa ya kulirudisha mahali pake, bure, kwa kazi yake mwenyewe. Levis akasema mnunuzi amekwisha kupatikana, mfanyabiashara wa Kakuma aitwaye Ejore, na kitu alichopendea boti ni hiyo nafasi ya magunia.

Basi Wasike akaomba lifti ya lori la saruji, akaenda Kakuma na povu lake. Tanga la boti lilikuwa linashonwa huko na Stephen, Mkongomani wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyekaa kambini Kalobeyei na kuweka cherehani yake nzito katika soko la Kakuma. Wasike alimweleza anachotaka: mito ya kukalia, mirefu, ifuate urefu wa mabenchi, yenye mikanda ya kufungia mbaoni. Ndani ya mito liingie povu.

Stephen akaligonga povu kwa kidole.

"Mzee, hii si ya kukalia. Hii ni maboya. Sisi batu ba ziwa tunaijua."

"Ndiyo. Lakini ionekane ya kukalia."

Stephen akachukua futi yake. Alipima kitambaa cha turubai, akakata, kisha akasema bila kuinua macho, "Banakuyaka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Kwetu banakuyaka asubui, mbele ya batu kwenda kuteka maji. Dada yangu naye ni mumoja." Akakanyaga cherehani. "Nitashona mara mbili mbili. Haitapasuka."

Kwa siku tatu Wasike alifanya kazi aliyoikwepa miezi miwili. Alisimamisha mlingoti, akavuta nyaya, akajaribu pampu, akafunga mito kwa mikanda na skrubu za shaba. Alijua anamfukuza mkewe kwa mikono yake mwenyewe, lakini mikono haikusimama. Abei alikaa juu ya mto mpya, akaubonyeza.

"Hii ni nzuri," akasema. "Ingekuwa siku ile."

Wasike akakaza mkanda wa mwisho.

Ejore alikuja na Levis saa kumi na moja kasoro, na lori. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia safi na fimbo nyembamba ya kiungwana. Alizunguka boti, akawasha taa, akachaji simu yake. Abiria walipopanda aliwapisha. Kisha akakaa upande wa kulia, juu ya mto, na uso wake ukafunguka.

"Nani alishona hii?"

"Fundi wetu ana mambo," Levis akasema.

"Sasa kitu kizuri hivi kikae na samaki kinuke? Toa. Hii inaenda ofisini kwangu Kakuma. Wageni wangu wanakalia plastiki."

"Bwana Ejore," Wasike akasema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyokusudia, "hayo ni maboya. Ukitoa hayo, boti ikiingia maji itazama."

"Levis amesema haijawahi kuzama."

"Ilizama. Yule wa mwisho kule ni mke wangu."

Ejore akageuka akawatazama wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, wakichuruzika maji bega kwa bega.

"Na hawa?" akamwuliza Levis.

"Hao hushuka jua likizama."

"Kumbe si mzigo," Ejore akasema. Akavua kofia, akamwamkia Abei kwa heshima, "Ejok, mama," kisha akamshika Wasike mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mzee wangu. Pole sana." Halafu akamwita dereva aje na bisibisi.

Skrubu za shaba hutoka kwa urahisi. Mito ilipakiwa mbele ya lori na boti nyuma, na lori likaondoka abiria wakiwa wamekaa. Wasike alitembea kando yake mpaka barabara ya lami. Abei alikuwa ameliweka kapu magotini. Hakupunga mkono, kwa kuwa wenzake walikuwa wamembana pande zote.

Jumatatu Carol, karani wa Ejore, alipiga simu kutoka Kakuma. Alisema mito ile ina kasoro, ikifika jioni inainua wageni, na juzi chifu mzima amebaki akining'iniza miguu huku akitia sahihi. Wasike akamwambia airudishe kwenye boti, amsihi bosi wake. Carol akasema atamwambia. Jumatano akapiga tena kusema shida imekwisha, bosi ameagiza ifungwe sakafuni kwa minyororo.

Kila siku saa kumi na moja Wasike alitazama upande wa laga. Hakuja mtu. Madramu manne yalibaki uwanjani yakiwa na duara za kutu, na mbuzi, walipokosa kivuli, wakahamia kwa fundi wa pikipiki.

Jumamosi, saa kumi na moja kasoro dakika chache, simu ikalia.

"Fundi, njoo uone mito yako," Carol akasema. "Imekata minyororo. Imeshika dari na mabati yanalia. Nimepanda juu ya meza siifikii."

Wasike akakata simu bila kuaga. Alitoka nje akasimama.

Walitokea upande wa laga, maji yakiwachuruzika. Safari hii safu ilikuwa ndefu, na walio nyuma walikuwa wakitazama huku na huku kama watu wasiojua ofisi iko wapi. Hapakuwa na boti, kwa hiyo walikaa chini kwenye mchanga, kati ya madramu, kwa umbo lile lile la boti. Wale kumi na mmoja kushoto. Kulia kukajaa mpaka mwisho, wanawake wenye vikapu, mzee mwenye stuli yake ndogo ya mbao, msichana aliyeshika simu iliyozimika. Abei alikaa wa mwisho, karibu na mahali pa usukani.

Wasike alifurahi kumwona. Furaha ilimjaa kifua kizima kabla hajapata nafasi ya kuizuia, na aibu yake ilimfuata papo hapo, na vyote viwili vikakaa ndani yake havibanduki.

"Ejok, Mama Nekesa."

"Ejok nooi. Wape hawa maji. Wameshtuka bado."

Akaleta dumu na kikombe, akawapitishia mmoja mmoja, wakanywa. Alipofika katikati ya safu simu ikalia tena. Alikuwa Levis. Alisema boti imepata shida ndogo ziwani, lakini bodi ni nzima na paneli ya sola haijaguswa. Ejore hataki kuiona tena. Wakiiopoa itakuja Lodwar kwa lori, na fundi aanze kufikiria rangi, ile samawati watu wameiona sana.

"Fundi? Uko?"

"Niko."

"Utaiweka sawa?"

Wasike aliwatazama waliokaa mchangani, kisha akasema ataiweka sawa. Akairudisha simu mfukoni na kuendelea kugawa maji. Alipofika kwa Abei dumu lilikuwa limebaki na tone. Abei akalipokea kikombeni, akanywa, akamrudishia kikombe.

"Inarudi?" akauliza.

"Inarudi."

Abei akajisogeza, akawabana wenzake, mpaka kando yake pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Akaipigapiga kwa kiganja.

"Kaa kwanza," akamwambia. "Na safari hii usiharakishe."