Kipande cha Upande wa Kulia

Hakuna chakula kilichowahi kumshinda Daktari wa Sufuria. Keki iliyokaa chini, mchuzi uliozidi chumvi, maharage yaliyochemka tangu asubuhi na bado yakabaki kokoto, vyote vilinyooka mbele yake. Ndivyo alivyojinadi, na watu wakaamini, kwa kuwa hawakujua habari za sufuria tatu alizounguzia wali mpaka zikawa mkaa, akazifukia nyuma ya nyumba na kupanda bamia juu yake. Bamia zilistawi.

Jumanne asubuhi aliitwa na Mkubwa, binti wa kwanza wa marehemu shoga yake. Shida ilikuwa mkate. Uliingia kwenye oveni mzima, mlango ukafungwa, na baada ya dakika arobaini ulitoka umepungua kipande kimoja upande wa kulia, unene wa kidole, kimekatwa vizuri kwa kisu. Kisu chenyewe muda wote kilikuwa kwenye droo.

"Nimebadilisha unga," alisema Mkubwa. "Nimebadilisha hamira. Mlango nimeufunga kwa waya. Mume wangu anasema ni panya."

"Panya anakata kwa mstari?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Amenuna tangu jana."

"Muache anune, atapikiwa na nani?"

Mkubwa hakucheka. "Bibi, Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yangu wanakuja. Niwawekee mezani mkate ulioanza kuliwa? Watasema tumewapa makombo."

Daktari wa Sufuria aliitazama sakafu, akautazama ukuta, akaitazama dari. Oveni hakuitazama. Alikuwa akiijua vizuri. Miaka tisa iliyopita, akiwa mahututi kitandani nyumbani kwake, shoga yake alimshika mkono akamwambia, "Oveni ni ya mdogo. Mkubwa ana mume na nyumba, mdogo ana mikono tu. Waambie." Baada ya maziko Mkubwa alimletea mkate wa moto, akauliza kama mama aliacha neno. Yeye akajibu kwamba mkate umeumuka vizuri. Tangu hapo, kila wiki mkate ulikuja. Na mtu mwenye meno manne haulizi mara mbili mkate laini unatoka wapi.

"Tuoke, tuone," alisema.

Unga ulipoumuka, alichomeka karafuu tatu kwenye ncha ya kulia. Kipande kikiondoka, alieleza, kitaondoka na alama yake. Mkubwa akafunga mlango. Wakakaa kwenye vigoda viwili, magoti karibu yagusane.

Dakika kumi zikapita. Mkubwa akasema, "Bibi, mama hakukuambia kitu juu ya oveni hii? Hata laana?"

"Mama yako alikuwa mtu wa baraka tupu."

"Sikuulizi alikuwa mtu gani."

"Joto limezidi," alisema Daktari wa Sufuria. "Punguza kidogo."

Mkubwa akapunguza, lakini macho hakuyatoa usoni kwake. Jasho lilimtoka bibi wa watu kwenye mikunjo ya shingo. Dakika ya thelathini sauti ya kisu ikasikika mle ndani, ikisugua ganda taratibu, ya mtu anayejua kukata mkate wa moto bila kuubonyeza. Hakuna aliyeinuka.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kisu kikali hicho."

Mkate ukatoka bila kipande, bila karafuu. Mkubwa aliupitisha kidole pale palipokatwa.

"Mama ndiye aliyekuwa akikata hivi," alisema polepole. "Na kipande cha kwanza siku zote alimpa mdogo."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Daktari wa Sufuria, limekaa hapo kama mfupa wa samaki. Mkubwa akajifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, kisha wa pili.

"Haya. Dawa yake nini?"

"Tumia kopo la kuokea refu zaidi," alisema Daktari wa Sufuria, na ule mfupa ukateremka. "Kipande kikishaondoka, wewe kata kingine upande wa kushoto, mkate ulingane. Atakayejua nani?"

"Basi! Na mimi nimekosa usingizi wiki tatu!" Mkubwa alishusha pumzi, akaukata upande wa kushoto, akaufunga mkate kwa kitambaa na kumpa. Habari za mdogo hakuzigusa tena.

Ilimpasa bibi aende kwake moja kwa moja. Lakini mpishi hafuniki sufuria bila kuchungulia. Akapitia kwa Mdogo, aliyepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, akioka keki ndani ya sufuria yenye mchanga, juu ya mkaa. Alimkuta akikwangua weusi chini ya keki. Kando yake, kwenye sahani, kipande cha mkate kilikuwa kikitoa mvuke, na karafuu tatu.

"Karibu, Bibi. Leo kimekuja na viungo."

"Kinakuja kila siku?"

"Wiki ya tatu hii. Nakinywea chai." Akapuliza masizi kwenye kisu. "Keki zangu zinaungua chini. Nifanyeje?"

"Ongeza mchanga."

"Nimeongeza mpaka keki imekosa pa kukaa."

Kisha akautazama mkate uliokuwa kwapani mwa bibi, ncha zake mbili zilizokatwa zikichungulia nje ya kitambaa.

"Bibi, siku mama anakata roho wewe ndiye uliyekuwa naye. Oveni hakusema ni ya nani?"

Mkate ulikuwa bado wa moto. Ulimchoma mbavu.

"Laiti ningejua, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kwenda bombani. Niliporudi, alishanyamaza."

Mdogo akaacha kukwangua.

"Bombani?"

"Bombani, mwanangu. Na foleni ilikuwa ndefu!"

"Wiki ile mtaa mzima ulikuwa hauna maji. Maji yote ya nyumba ile niliyabeba mimi kutoka kisimani. Siku hiyo nilileta madumu sita."

"Manne," alisema Daktari wa Sufuria, kabla hajauma ulimi.

"Manne," Mdogo akakubali. "Uliyahesabu ukiwa umekaa kitandani kwake, ukanipungia mkono nisiingie. 'Subiri kidogo,' uliniambia, 'mama yako ananipa neno.'"