Mchuzi Mchachu wa Marivic

Wifi yangu Marivic alitoka Ufilipino kuja Bunia kutibu wagonjwa, akaolewa na mdogo wangu Didier, na shirika lake lilipofunga mizigo yeye akabaki. Kila Jumapili anapika sinigang, mchuzi wa kwao, mchachu mpaka unafumba jicho moja bila kutaka. Kwao wanatia ukwaju. Hapa aliutafuta akachoka, akaanza kutia ngai-ngai, yale majani machachu tunayopikia samaki tangu utoto, akajiona amegundua dunia. Nilimcheka sana. Anatia pia nyanya, matembele na samaki wa ziwani Kasenyi pamoja na kichwa chake, na kando anaweka kisahani cha chumvi na pilipili nzima.

Jumapili ile mvua ilipiga mabati alasiri yote. Didier alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Mambasa na dhahabu kidogo, jambo tulilolijua sisi wa nyumbani tu: yeye, Marivic, mimi, na mume wangu Baudouin, ambaye aliaga asubuhi kwamba anateremka Kasenyi. Sufuria ilikuwa inatokota juu ya mbabula, jiko la makaa, mlango ulipovunjwa kwa teke.

Waliingia watatu, kofia za sufu zimeshushwa mpaka shingoni, zimetobolewa macho na mdomo. Mkubwa wao alimpiga Didier usoni kwa kitako cha bunduki. Jino lilirukia ukutani.

"Zahabu iko wapi?"

Didier akaonyesha godoro. Walilichana, wakatoa kifuko. Yule mkubwa akakipima kiganjani, akacheka vibaya.

"Hii ni kidogo. Ingine iko wapi?"

"Hakuna ingine, chef. Ni ile tu."

Akampa mwenzake wa tatu bunduki, yule aliyekuwa hajasema neno tangu waingie, akachukua panga. Aliulaza mkono wa Didier mezani, akakata. Kidole kilibaki juu ya ubao, karibu na nyanya. Damu iliniruka shingoni, ya moto, nami nikajikojolea, sioni haya kusema.

"Mutafute kila fasi! Ata mu sufuria!"

Wa pili akakoroga mchuzi kwa upawa akitafuta dhahabu. Hakuipata, lakini njaa ilimshinda, akaonja. Akatema chini na kutukana. Kila mtu hutema mara ya kwanza, hata mimi nilitema.

Yule wa tatu akamnyang'anya upawa. Akanywa asikunje uso. Akakitoa kichwa cha samaki, akachukua pilipili kisahanini, akaiponda kwenye chumvi kwa mgongo wa upawa, akachovya. Hakuna anayekula hivyo nyumbani kwetu ila Marivic, na mtu mmoja aliyefundishwa naye.

Nikamtazama vidole. Nimevipakulia chakula miaka yote hii, navijua.

Mkubwa alikuwa ameshamkandamiza Didier chini, panga kooni. "Kama hakuna ingine, tunamuchinja."

Nilimngoja Baudouin aseme neno. Huyu ni shemeji yake, alikula arusi yake, alilia tulipofiwa na baba yetu. Neno moja tu. Alikuwa anatafuna, bunduki inaning'inia begani. Hasira iliyonipanda sijawahi kuijua, wala sitaki kuijua tena.

Nilishika sufuria kwa mikono mitupu na kummwagia mume wangu kichwani, yote.

Yowe lake lilizidi mvua. Bunduki ilianguka, Marivic akairukia na kufyatua ovyo, risasi ikapasua bati. Wale wawili wakatoka mbio. Nami nikaigonga ile sufuria kwa upawa, nikagonga, kama mitaa yetu inavyoitana wakiingia watu wabaya. Nyumba ya pili ikajibu, na ya tatu, sufuria na filimbi, na watu wakaja kwa mawe na miti.

Baudouin alikuwa anagaagaa, kofia imeganda usoni. Akanishika kifundo cha mguu.

"Mama Patience, uwaambie ni miye. Wataniua."

Didier alikuwa amezimia. Marivic alikuwa anamfunga mkono kwa kitenge, akainua uso. Alikuwa analia.

"Yaya," akaniambia, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "uwaambie."

Mlango ulikuwa umejaa watu. Wa mbele alikuwa na jiwe mikononi, anatweta.

"Huyu ni nani, mama?"

Nilitoa mguu wangu mkononi mwa Baudouin.

"Muizi," nikasema, nikawapisha.