Uso wa Mkwe

Mzee Hukmaram hapitwi na jambo. Dhapu, mhudumu wa afya wa kijiji, alipokisimamisha kishikwambi chake juu ya kitanda cha kamba, mzee alikuwa kashafika na kigoda, kilemba upande.

"Huyo daktari yuko Jaipur kweli, au mmemfungia humo ndani?"

"Yuko Jaipur, baba. Sogea, unamziba mgonjwa."

"Sisogei ng'o! Naye ananiona? Na hili pengo?"

"Nakuona, baba, pengo na vyote," akajibu Daktari Nasrin kutoka kwenye kioo. Mzee akapiga makofi kwa furaha.

Mgonjwa alikuwa Gomti, mke wa mwanawe, mimba ya miezi minane, kichwa kikimpasuka tangu jana. Kajifunika mtandio kuanzia kichwani, uso wote, mpaka kifuani, kama impasavyo mke mbele ya baba mkwe. Dhapu alimpima, akakuta presha imepanda sana.

"Funua uso, dada, nikuone," daktari akamwambia.

Gomti akauvuta mtandio zaidi.

"Ana haya tu," mzee akamtetea. "Hebu niambie, huko kwenu mvua inanyesha?"

"Mvua baadaye, baba. Wewe unaishi naye. Uso wake umevimba kuliko siku zote?"

Mzee akageuka kumtazama mkwewe, akaona mtandio tu. Miaka minne anakula mikate ya uwele ya mkono wa binti huyu.

"Sijui, daktari," akasema. "Sijawahi kuuona."

Dhapu akamkazia macho. Aibu ikamwingia mzee: lo, kumbe kizuizi ni yeye! Akabeba kigoda chake, akatoka nje hadi uani.

Punde, mtandio ulipofunuliwa, akamsikia daktari, sauti imebadilika. "Kifafa cha mimba kinamnyemelea. Hospitali, sasa hivi! Na njia nzima mtu amtazame uso. Ukianza kucheza, misuli ikirukaruka, niambieni."

Ndani ya gari la jirani Dhapu alishika dripu na kishikwambi, daktari akiwa bado hewani, kichwa cha Gomti kikalala mapajani mwa mzee. Gomti akapapasa mtandio ajifunike.

"Acha, mwanangu," mzee akasema, akamshika mkono.

Akamtazama. Macho yalikuwa yamevimba hata hayafunguki vizuri, na kidevuni palikuwa na kovu dogo ambalo kijiji kizima kililijua isipokuwa yeye.

"Hauchezi, daktari," akawa anasema kila kona. "Hauchezi bado." Akasema hivyo mpaka langoni mwa hospitali, wauguzi walipompokea Gomti kwa machela.